Msomaji Mmoja Asiye Ndugu

Gazeti la bure limenigharimu magunia kumi na moja ya maharage. Nimehesabu mara mbili, mara ya kwanza nikiwa na hasira na mara ya pili nikiwa nimeshakula, jibu likawa lilelile. Ndani ya hayo magunia kuna leseni, karatasi, wino, kukodi mashine ya steshenari ambayo shule huchapia mitihani, nauli ya mzigo wa Kibondo, na fungu moja la dagaa. Hilo fungu nitalieleza likifika mahali pake. Nililinunua bila kupunguziwa hata shilingi, na bado linaniuma.

Mimi ni mnunuzi wa maharage. Stoo yangu iko nyuma ya soko la Kasulu, ina mlango mkubwa wa kuingizia magunia na dirisha la pembeni ambalo zamani nilikuwa nalifungua tu siku za joto. Nanunua Nyakitonto, nanunua Kitahana, nikipata gari la kuaminika nafika mpaka Gwarama. Kazi yenyewe ni kusema hapana kwa upole mpaka mwenzako ashuke. Hiyo sikuisomea popote, na kuandika vilevile sikusomea.

Aliyesomea ni mdogo wangu. Alikwenda Mwanza akachukua stashahada ya uandishi wa habari, akarudi nyumbani na cheti ndani ya bahasha ya plastiki na wazo ndani ya kichwa: gazeti la kila wiki, la Kasulu na Kibondo, la bure. Nikamwuliza tunauza nini. Akasema hatuuzi, msomaji anachukua tu, wenye maduka ndio watakaolipia matangazo. Nikamwuliza tena, maana mimi kila kitu nauliza mara mbili. Akajibu vilevile, na hapo nikajua kweli alimaliza chuo.

Lakini alikuwa na hoja. Magazeti ya Dar yakifika huku yameshachoka na safari, na ukiyafungua sisi hatumo, labda mgeni mkubwa awe amekuja kukata utepe au lori liwe limeangukia mtoni. Hakuna anayeandika kwamba choo cha stendi kimefungwa na ufunguo anao mtu aliyekwenda kwenye msiba. Hakuna anayesema kwaya imepata kinanda kipya, timu ya mtaa imefungwa na golikipa wake mwenyewe, wala maharage leo Kibondo yanakwendaje ili mtu wa Kasulu asidanganywe. Hilo la mwisho lilinigusa, kwa kuwa mimi ndiye ninayewauzia watu wasiojua bei ya Kibondo. Nikamwambia hilo asiliweke. Akaliweka ukurasa wa kwanza.

"Dada, huku tuko wengi," alisema, "na hakuna anayetuandikia."

Nilitafuta pa kupunguza kwenye maneno hayo, sikupaona. Nikatoa gunia la kwanza.

Sasa nieleze sharti, maana ndilo lililotufikisha hapa. Mdogo wangu alikuwa ameshapata kazi Dodoma, ofisi safi, ya kuwaandikia wakubwa taarifa zao. Aliyekuwa kwenye nafasi hiyo anastaafu mvua zikikatika, na wao wamekubali kumsubiri mdogo wangu mpaka hapo. Mama alikuwa analia kila akisikia neno Dodoma. Mimi silii, ila nilikuwa nimeanza kulala vibaya. Ni mdogo wangu wa mwisho, nimembeba mgongoni, na nyumba bila yeye ni watu wawili wanaohesabu vyombo.

Tukakaa kwenye magunia, yeye na mimi, tukapatana. Alisema hivi: "Kabla mvua hazijakatika, akija mtu mmoja hapa dirishani kulitafuta gazeti mwenyewe, bila kupewa, na asiwe ndugu yetu, mimi siendi. Asipokuja, usinizuie."

"Mmoja tu?"

"Mmoja. Asiye ndugu."

Nikampa mkono upesi. Nilipaswa kushtuka, kwa sababu bei ya chini huwa naiogopa kuliko ya juu, lakini nilisikia neno "mmoja" nikafurahi, lile la mwisho nikaliacha lipite. Kumbe katika ukoo wetu kumpata mtu asiye ndugu ndiyo kazi ngumu.

Mama yetu alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa mtoto mgongoni mwa bibi. Uraia tumeshapata, mashamba tunalima hapa, makaburi yetu mapya yako hapa. Lakini njiani watu walipotezana, na mama hajaacha kuwatafuta. Kila mgeni anayeingia kwetu, awe fundi, awe mtoza ushuru, anaulizwa maswali matatu. Kwenu ni wapi? Na kabla ya hapo, mlima gani? Na mama yako, ni wa watu gani? Chai haijapoa, mgeni ameshakuwa shemeji. Fundi aliyekuja kuezeka bati aliondoka akiwa mpwa, na bei niliyokuwa nimepanga kuibana ikabidi niiache ilivyo. Sisi watoto tumerithi hayo maswali kama watu wengine wanavyorithi pumu. Yanatoka yenyewe.

Gazeti likatoka. Ni karatasi moja kubwa iliyokunjwa katikati, kurasa nne, nakala mia tano, kila Alhamisi. Mia mbili zinapanda basi la Kibondo, zilizobaki zinagawiwa hapa. Alhamisi ya kwanza nilisimama mwenyewe kwenye lango la soko nikiwa nimeshika mzigo, na watu wakapita kando yangu kama wanavyokwepa shimo. Mmoja aliuliza ni la kanisa gani. Mwingine aliuliza nani anagombea, na mbona fulana hamna. Mwenye duka la vitenge, ambaye watu wake wako Tanga na ni mtu wa adabu sana, alilipindua, akalisogeza puani, akaniuliza taratibu dawa inayouzwa iko ukurasa gani. Nikamwambia hakuna dawa. Akanirudishia kwa mikono miwili.

Jioni nikahesabu zilizobaki. Nikahesabu tena.

Alhamisi iliyofuata nikaacha mambo ya chuo nikatumia ya kwangu. Akapita kijana wa bodaboda, nikamwambia gazeti jipya, mia tano.

"Mia tano? Mama, acha zako. Kurasa nne?"

Nikashuka mia tatu. Akacheka, akasema hilo hata mia halifiki, karatasi yenyewe nyepesi. Nikalalamika kidogo, nikataja wino, nikataja watoto, nikashuka mia. Akaanza kuondoka. Anayeondoka polepole anataka kuitwa, kwa hiyo nikamwita. Nikamwambia haya, umenimaliza, chukua bure, lakini usimwambie mtu. Alilichukua, akalikunja vizuri, akaliweka ndani ya koti, na kufikia saa sita bodaboda wote wa pale walikuwa wamekuja mmoja mmoja kunimaliza.

Mdogo wangu hakupenda. Alisema gazeti ni la bure tangu mwanzo, kwa nini nawahangaisha watu. Nikamwambia wamelipata bure, sasa lawama iko wapi? Ila huyu wa leo atalisoma, kwa sababu amelipigania.

Kufika wiki ya nne tulikuwa hatubaki na kitu. Mizigo ikiwekwa asubuhi, saa tano hakuna. Mdogo wangu alianza kutembea kifua mbele. Aliandika habari ndefu juu ya bomba la maji la mtaa wa chini, kazi ya siku sita, alikwenda mpaka kwenye chanzo akarudi na viatu vimeharibika. Nami akanipa safu, kwa sababu ukurasa wa pili ulikuwa na tundu na mwenye saluni alikuwa hajalipa tangazo lake. Akasema andika chochote. Nikaandika jinsi ninavyopatana bei, wiki hii na nani, ilikuwaje, nani alishuka. Tukaiita "Bei ya Mwisho". Yeye aliiona kama kiraka. Mimi sikuwa na maoni, nilikuwa nataka tundu lizibwe.

Kilichobaki ni mtu mmoja aje dirishani. Nililifungua dirisha kila siku, mvua ikanilowesha magunia mawili. Waliokuja walikuwa binamu, mke wa binamu, na mwanakwaya mwenzake mama ambaye alishaulizwa maswali zamani akakutwa ni wa kwetu. Mdogo wangu alikuwa anawapa gazeti, anawashukuru, halafu ananiangalia.

Siku moja jioni nikaenda kununua mboga. Mama anayeuza dagaa wa Kigoma pale sokoni ni rafiki yangu wa siku nyingi, mwanamke mkubwa wa sauti na mwili. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku yeye hufungia kwenye karatasi, yoyote atakayoipata. Nikamwona anachukua karatasi kwenye rundo lililokuwa chini ya beseni, anaipitisha kisu kwenye mkunjo, ch, inakuwa mbili. Nusu kwa fungu kubwa. Ukimbana sana bei anaikata tena, robo, kwa fungu dogo. Akamfungia mteja mbele yangu. Juu ya dagaa nikasoma: *Bomba la mtaa wa chini, nani anajua maji yalikoishia?*

Rundo lile lilikuwa refu kama kuku aliyesimama. Nikamwuliza amezipata wapi. Hakuona aibu yoyote. Alikuwa anatuma watoto wa jirani asubuhi, kila mmoja anakuja kwangu kunimaliza mpaka bure, halafu wanampelekea. Kibondo nako ana dada yake, anauza dagaa vilevile.

"Si mlisema bure?" akaniuliza. "Au bure yenu ina masharti?"

Nikatumia maneno yote ninayoyajua, na patano tulilofikia ni kwamba kuanzia siku ile achukue toleo la wiki iliyopita tu, yale yaliyobaki, na la wiki hii atuachie. Nilijiona nimeshinda. Njiani nikakumbuka kwamba aliyekuwa akiyamaliza yote ni yeye, kwa hiyo sasa yatabaki.

Mdogo wangu hakuchukua hilo kwa kelele. Afadhali angepiga kelele. Alikaa juu ya gunia akauliza kama zote, nikasema karibu zote, na Kibondo, nikasema na Kibondo. Akasema amesoma miaka mitatu ili awe kifungio cha dagaa. Kesho yake nikaona amefua nguo zote kwa mpigo, hata zile za baridi, na sanduku liko nje linapigwa jua katikati ya mawingu. Mama alilipita mara kadhaa bila kulitazama. Mvua zilikuwa bado zipo, lakini zilishaanza kuja mchana tu, kama mtu anayeaga.

Alhamisi mbili zilipita hivyo. Ya tatu, asubuhi, nilikuwa napima maharage na mdogo wangu yuko dirishani anakunja gazeti bila moyo, akaja mwanamke anayesukuma baiskeli. Mtu mzima, kanga imefungwa kwa safari, miguu ina udongo mwekundu wa mbali. Baiskeli ilikuwa ya zamani, ya kiume, imetunzwa kuliko mwenyewe. Akaiegemeza ukutani, akasalimia kikwetu, "Mwakeye," tukaitika. Akatoa kwenye kitambaa nusu karatasi iliyokunjwa, ina mafuta, ina magamba mawili matatu, harufu ikafika ndani kabla yake.

"Nimeambiwa karatasi hii inatoka hapa," alisema. "Natafuta kipande chake kingine."

Mdogo wangu aliacha kukunja. Mwanamke akaeleza bila haraka. Ametoka Nyakitonto. Alinunuliwa dagaa na jirani, akafungua, akaona maandishi, na yeye akiona maandishi hayaachi. Kulikuwa na mtu ananunua baiskeli kwa mtu wa Gwarama. Wamepatana, wamevutana, mwenye baiskeli ameshafika mahali anasema akishuka tena mke wake atamfukuza, na mnunuzi anasema kaka, nina neno moja la mwisho, nalo ni... Hapo dagaa wamekata.

"Neno lenyewe lilikuwa nini?" akauliza. "Na alimpa ngapi?"

Nilisimama na debe mkononi. Ilikuwa safu yangu. Ilianzia chini ya ukurasa wa pili ikamalizikia juu ya ukurasa wa tatu, na kisu kilipita katikati. Habari ya bomba alikuwa nayo nzima, nyuma ya karatasi hiyohiyo, lakini hakuiuliza. Nilimwona mdogo wangu akilipokea hilo, akalimeza, na bado macho yakawa yanawaka.

Halafu akafanya kosa la ukoo. Akatabasamu, akaegemea dirishani, akamwambia, "Karibu mama. Kwenu ni wapi Nyakitonto?"

Nikamkanyaga. Alikuwa amevaa kandambili na mimi buti za mvua, akanielewa. Swali moja lilishatoka, yalikuwa yamebaki mawili, na mimi najua ukoo wangu: kwa mawili hayo angeshakuwa shangazi, na Dodoma ingekuwa na mtu wake. Nikamtandikia mgeni gunia tupu akae, nikauliza habari za mvua, za mbolea, za barabara, za kila kitu kisicho na mama wala baba.

Tukatafuta toleo lile. Halikuwepo hata moja. Nikamwambia mgeni nitamsimulia mwenyewe, mnunuzi ni mimi, nakumbuka kila neno. Akakataa. Akasema mtu akisimulia huongeza chumvi, yeye anataka kusoma kama ilivyoandikwa. Msomaji wa namna hiyo huwezi kubishana naye.

Ikabidi niende kwa mama wa dagaa. Rundo lilikuwa limefika chini. Tukapekua, nusu za ukurasa wa tatu zimekwisha, isipokuwa moja ambayo ilikuwa tayari imefunga fungu kubwa lililosubiri mteja. Nikamwomba alifungue. Akanitazama, akatazama karatasi, akatambua kwamba nina shida, na mtu mwenye shida mbele ya mfanyabiashara mwenzake anajulikana mwisho wake.

"Karatasi siuzi," alisema. "Nauza dagaa."

"Nipunguzie basi."

"Leo? Leo hapana, shoga yangu."

Nikalipa yote. Nilinunua maandishi yangu mwenyewe kwa bei ya dagaa, na dagaa wenyewe walikuwa wadogo.

Mgeni alisoma akiwa amesimama, midomo inatembea. Neno langu la mwisho kwa mtu wa Gwarama lilikuwa kwamba kengele ya baiskeli abaki nayo yeye. Watoto wake walikuwa wanaipenda, nami kengele ya nini, maharage hayatoki njiani. Akashuka pale pale. Mwanamke alipomaliza alicheka kwa ndani, mabega tu. Kisha akaweka mkono kwenye ile baiskeli ukutani, akasema ilikuwa ya marehemu mume wake na alikuwa anafikiria kuiuza, alitaka kujua watu wanaanzia wapi. Mimi ni mnunuzi. Nilikuwa na bei mdomoni. Nikamwambia kwa baiskeli iliyotunzwa hivyo asianzie popote kwanza, aipande. Akasema ataifikiria, akachukua gazeti la wiki hii, zima, akaondoka.

Mdogo wangu alihesabu kwa kidole kimoja. "Mmoja," alisema. Jioni sanduku lilirudi juu ya kabati.

Kuanzia hapo tukalipanga gazeti upya, na wazo hilo ni lake, mimi nimelipia tu. Hakuna habari inayovuka mkunjo. Ndefu inaishia ndani ya nusu yake, fupi zote zinaenea kwenye robo, ili hata aliyebana bei akapewa fungu dogo apate habari yenye kichwa na miguu. Matangazo ya misiba yanakaa katikati ya robo, kisu kisiwaguse marehemu. Mama wa dagaa akapewa mzigo wake rasmi, na dada yake wa Kibondo, kwa sharti kwamba akate kwenye mstari tuliomchorea. Sasa gazeti linafika mahali ambapo basi halifiki. Mwenye duka la vitenge ametuletea tangazo mwenyewe, baada ya kukuta habari ya duka la mwenzake imefunga karanga.

Mdogo wangu aliandika ujumbe wa kukataa kazi ya Dodoma, akanionyesha kabla hajautuma. Ulikuwa mzuri. Nikamwambia angoje kidogo, aulalie kwanza, mimi sijawahi kufunga biashara siku ya kwanza. Hilo nalo liandikwe kwenye gharama.

Mwanamke wa Nyakitonto akarudi Alhamisi nyingine, akarudi tena ya tatu, safari hii akiwa ameipanda baiskeli, na kengele akaipiga kutoka kwenye kona. Mdogo wangu na mimi tulikuwa tumejizuia kwa nguvu. Hatukumwuliza jina la kijiji, wala la mume, hata watoto hatukuwataja. Nadhani yeye alitushangaa, akaona watu gani hawa wasio na adabu, mtu anakuja mara tatu hawamwulizi kwao. Kwa hiyo aliuliza yeye.

Alikuwa anasoma ukurasa wa kwanza, hakuinua macho. "Na ninyi wasichana, kabla ya hapa, mama yenu ni wa mlima gani?"

Ningeweza kudanganya. Lakini mdogo wangu ni mwandishi wa habari, akataja mlima. Mwanamke akashusha gazeti. Akauliza bibi yetu alikuwa wa watu gani. Akataja. Akauliza kama bibi alikuwa na mdogo wake wa kike aliyechelewa kuvuka. Hapo mdogo wangu aliniangalia, kwa sababu huyo mdogo wa bibi ndiye aliyepotea. Mama humwombea kila jioni kwa jina, pamoja na mtoto wake wa kiume, bila kujua kama anaomba kwa wazima au kwa wafu.

Mtoto huyo wa kiume ndiye marehemu mume wake, mwenye baiskeli.

Mama aliletwa kwa bodaboda, amevaa nguo za kanisani siku ya kazi. Hawakupiga vigelegele, wala mama hakulia, yeye aliyelia kwa Dodoma. Walishikana mikono wakakaa kwenye magunia yangu wakizungumza Kirundi cha zamani ambacho mimi nakipata nusu. Mjomba aliishi Nyakitonto miaka yote hiyo, mwendo wa nusu siku kutoka kwetu, naye alikuwa akiuliza wageni maswali yaleyale. Walipotoka nje mama alisimama mbele ya baiskeli, akaweka kiganja kwenye kiti, akakiacha hapo kwa muda. Kisha akapiga kengele mara moja.

Nilimtafuta mdogo wangu, nikamkuta nyuma ya magunia na simu mkononi. Ujumbe wa kukataa ulikuwa bado haujatumwa. Alikuwa amefurahi na amekasirika kwa pamoja, uso haujui ushike lipi.

"Ni mke wa mjomba, dada," akasema. "Tulisema asiye ndugu."

"Siku anakuja hakuwa ndugu," nikamwambia. "Amekuwa ndugu baada ya kusoma."

"Alikuwa ndugu. Tulikuwa hatujajua."

"Na wewe ulimhesabu. Kidole ulinyoosha mwenyewe."

"Nilihesabu mara moja. Wewe si ndiye unayesema watu wahesabu mara mbili?"

Nimepatana bei na madereva, na wakuu wa maghala, na mtu wa Gwarama, lakini huyu nimemlea mimi, mbinu zangu zote anazijua. Tumevutana wiki nzima. Mama naye hatusaidii. Kila tukimwuliza anasema kwake hakuna mtu asiye ndugu, kuna ambaye hajaulizwa. Mvua iliyonyesha juzi haikulowesha hata mlango. Dodoma wamepiga simu, wamesema wanasubiri jibu mwisho wa mwezi, na sanduku halijashuka lakini limefutwa vumbi.

Mwishowe tumekubaliana jambo moja, kwamba tuwaulize wasomaji. Ndiyo maana nimeandika marefu hivi, na mdogo wangu amekubali kuyachapa kwenye toleo lenye karatasi mbili. Gharama ya karatasi ya pili nimeiweka ndani ya yale magunia kumi na moja, msije mkadhani nimeisahau.

Basi tushaurini. Mtu aliyetoka kwao akisukuma baiskeli kulifuata gazeti, akalipata, akalisoma, ndipo akajulikana kuwa ni mke wa mjomba: anahesabika, au hahesabiki? Ushauri wa kwenye simu mdogo wangu hataupokea, anasema watu wa simu hawajulikani. Njooni wenyewe, dirisha liko upande wa kushoto wa stoo, liko wazi tangu asubuhi, na gazeti la wiki hii mtalikuta hapo.

Na mkifika, nawaomba sana, msituulize kwetu ni wapi.